Mkwe Mwenye Waya Dirishani

Arsène ni mtu wa kuchekwa, nami nimemcheka sana, kwa hiyo nina haki ya kumsifu.

Ni mrefu, mkimya, ana mikono mikubwa ya mtu aliyezoea usukani wa malori ya migodini. Aliyaendesha malori hayo kule Kakanda, yale ambayo gurudumu lake moja linampita mtu kimo. Mkataba ulipokwisha akarudi Likasi na malipo yake ya mwisho. Wenzake walinunua viwanja, wengine wakafungua baa. Yeye akanunua gari dogo jeupe la umeme, lililokwisha kutumiwa na wengine, lililofika kupitia mpaka wa Kasumbalesa likiwa limebebwa juu ya lori kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Akalifanya teksi. Mtaa wetu wote hapa Kikula ulicheka.

Aliyecheka zaidi ni mimi, Mama Shekina, fundi cherehani. Nyumba yangu inatazamana na nyumba ya mama mkwe wake, Germaine, kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa naona sinema ya bure mlangoni pangu. Gari lilikuja bila sauti. Orpa, mke wa Arsène, alishuka na mtoto wao Merdi, wakaingia kwa Germaine. Arsène alibaki garini. Baadaye sahani ilitoka imefunikwa, akaipokea, akapandisha vioo na kula akiwa ameupa ukuta wa nyumba ile mgongo. Kisha alifuta mdomo, akangoja.

Usidhani walikuwa wamegombana. Alikuwa hajaingizwa, basi. Kwao Germaine, upande wa Luapula, mkwe hasemi na mama wa mkewe, hamtazami usoni, na wala mama hamwiti mkwe kwa jina. Nyumbani mwake haingii mpaka siku atakapopikiwa kuku mzima na kuingizwa kwa heshima mbele ya watu. Siku hiyo huipanga mama mkwe mwenyewe. Wengine hungoja mwezi, wengine mwaka. Arsène alikuwa amengoja mpaka Merdi akaota meno, akatembea, akaanza kusema, na akishasema akamwuliza baba yake kuhusu nyumba ya bibi yake: "Papa, juu ya nini weye hauingiaka mu nyumba ya nkambo?"

Swali hilo lilimchoma. Aliniambia mwenyewe siku alipoleta suruali nimpunguzie miguu. "Mama Shekina, huyu mutoto akikomala atawaza baba yake alikuwa mwizi. Bote banaingia, minye tu napita inje ku ukuta."

Germaine si mwanamke mbaya, ila akishika neno lake hata tingatinga halimwondoi. Ni mjane; watoto wake amewalea kwa kuku. Wakati Arsène yuko migodini, siku ya kumwingiza ilikuwa inakuja. Gari la umeme lilipofika, siku ikarudi nyuma. "Minye naingiza mwanaume mwenye kazi ya kuonekana," aliniambia. "Ile motokari hata kunguruma hainguruma. Inapita sawa mutu mwenye kuiba."

Pasta wetu, Casimir, alijaribu kumwambia kwamba katika Kristo mambo ya mila hizo yamekwisha, na kwamba hata Yesu aliingia nyumbani kwa mama mkwe wa Petro. Germaine akamsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zote. "Ule mama alikuwa mugonjwa, Pasta," akajibu. "Minye niko muzima."

Ndipo ikaja ile wiki ya mayai.

Germaine ana mashine ya kuangulia vifaranga, sanduku la mbao lenye taa, feni na kipimajoto, ambalo huliangalia zaidi ya watu wanavyoangalia televisheni. Kiangazi kilichotangulia kideri kiliingia bandani kikafagia kuku wote, asibaki hata wa dawa. Hata kanisani hakuimba. Kisha akapata mayai mazuri, akaijaza mashine, akaanza kuimba tena. Mayai yale ndiyo yangemrudisha kazini. Yakifa, hakuwa na ya kuanzia.

Yalikuwa yameingia wiki ya tatu, yamekaribia kupasuka, asubuhi moja kabini ya transfoma ya mtaa ikapiga kishindo na moshi ukatoka. Fundi akaja, akatazama, akasema tungoje kifaa kutoka Lubumbashi. Maneno hayo tunayajua sisi. Ukiambiwa kifaa kinatoka Lubumbashi, tafuta makaa.

Germaine akawasha makaa kwenye karai, akaizungusha mashine blanketi, lakini joto la makaa halina akili. Mara linazidi, mara linazimika. Orpa alikuwa Kakanda anauza vitenge na simu yake haikupatikana. Nikaona Germaine anakipangusa kile kipimajoto kwa kitenge mara ya tatu. Sikumwuliza ruhusa. Nikampigia Arsène.

"Minakuya," akasema.

Alikuja, akaliegesha gari lake ukutani kabisa, chini ya dirisha la sebule. Gari lile lina jambo ambalo sisi tuliomcheka hatukulijua. Kwenye tundu la kuchajia unachomeka kifaa cheupe chenye soketi, na umeme unageuza njia: badala ya kuingia, unatoka. Akatoa waya mrefu mnene wenye soketi kadhaa mwishoni, akausogelea mlango wa ua, akasimama. Akautazama kidogo. Kisha akageuka, akarudi dirishani.

"Mama Shekina, ingia weye, upokee waya."

Nikaingia, nikaupokea kati ya nondo za dirisha, nikaichomeka mashine kwenye soketi moja. Taa ya mashine ikawaka, feni ikaanza kuzunguka. Germaine akashika kifua kwa mikono miwili. Kisha akakumbuka yeye ni nani, akajinyoosha.

"Umuambie mukwe, minasema aksanti."

Nikageukia dirisha. "Anasema aksanti."

Arsène, ambaye alikuwa karibu kiasi cha kunishika pua, akajibu: "Uambie ba mama, hakuna kitu."

"Anasema hakuna kitu."

Siku ile nilisema zaidi ya mhubiri wa mkesha. Umuulize amekula? Anasema amekula. Umuambie akae kwa kivuli. Anasema kivuli kipo. Wenyewe wanasikilizana vizuri kabisa, lakini kila neno lazima lipite kwangu kama mzigo unaopita forodhani. Wazee husema heshima si utumwa, lakini wazee hao hawakuwahi kupelekwa na kurudishwa dirishani jua la saa sita.

Arsène aliniambia mashine ya mayai inakunywa kidogo sana, gari lingeweza kuishikilia wiki nzima bila taabu. Ila gari haliwezi kuondoka, kwa hiyo na yeye hakuondoka. Aliacha wateja wake wote, akakaa pale njiani. Chakula kilitoka: bukari, ugali wetu wa huku, nyama, na sombe ya majani ya muhogo. Jioni kikatoka tena. Mimi ndiye niliyekipeleka, na nilisema moyoni, huyu mama leo anapika kwa moyo.

Siku iliyofuata nilimkuta Arsène anatazama kioo kilicho nyuma ya usukani kama mwanafunzi anayetafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani.

"Kuko nini?"

"Courant inaisha, umeme ya motokari."

"Si ulisema itafika juma nzima?"

"Ile mashine peke yake, ndiyo. Lakini mule ndani kuko kitu ingine inakunywa. Inakunywa mingi, Mama Shekina. Inabakia tu ya kufika kwangu kule Panda, na kule njo kuko courant ya kuchaji."

"Sasa juu ya nini hauulize?"

Akashtuka kama nimemwambia avue nguo. "Minye? Niulize mama ya Orpa munatumia nini? Ni sawa kumuhesabia bukari mu kinywa. Heri motokari izime hapa hapa."

Nilitazama lile jitu zima lenye mikono ya malori, limekaa pale linakufa pamoja na betri yake kwa sababu ya adabu, nikakasirika na nikampenda kwa wakati mmoja. Nikaingia ndani.

Germaine alikuwa jikoni. Mbele yake resho ya umeme, koili yake nyekundu tii, na juu yake sufuria kubwa ya maharage yanachemka taratibu. Mimi resho ile niliiona tangu jana, nikaona ni kawaida. Likasi nani asiyepikia resho umeme ukiwapo?

"Mama Germaine, hii yote ni ya nini?"

"Ni ya nini tena? Mukwe wangu anakaa mu njia sawa mulinzi, juu ya mayai yangu. Nimupatie mukate mukavu? Jana ile nyama ilikuwa nguvu, nimeipika tangu asubuhi mpaka mangaribi. Leo ni maharaki, nayo inalomba muda. Makaa iliisha yote ku mayai. Bahati courant iko."

"Courant ya wapi?"

"Si ya..." Akaitazama resho. Akaufuata waya kwa macho kutoka resho mpaka kwenye zile soketi sebuleni, kutoka soketi mpaka dirishani, na nje ya dirisha.

"Mama," nikasema, "unakata mukia ya ng'ombe, unamupatia ng'ombe mwenyewe akule."

Akaketi juu ya kigoda. Kisha akasimama haraka, akaing'oa resho mwenyewe. "Na juu ya nini hakusema? Iko na kinywa."

"Anakuheshimia. Anasema heri motokari izime."

Maharage yakaacha kuchemka. Nilijua anaona aibu, na Germaine akiona aibu hukunja kona ya kitenge chake kidoleni, anakunja na kukunjua.

"Kumbe heshima ya kwake na heshima ya kwangu," akasema polepole, "njo bilikunywa courant yote."

Tukacheka, tukacheka mpaka Arsène akaita dirishani kuuliza kama kuna tatizo. Kicheko kilipoisha, tatizo lilikuwa bado pale pale. Gari lazima liende Panda kabla halijazimika, na mayai hayawezi kungoja.

Arsène akapendekeza kupitia kwangu: mashine iwekwe nyuma ya gari, mimi nikae na beseni la mayai mapajani, yeye awashe joto la gari. Germaine akakataa beseni. "Mikono ya Mama Shekina imezoea sindano. Mayai hii itashikwa na minye."

Maana yake umeielewa? Mama mkwe apande gari la mkwe ambaye hajamwingiza, wakae chumba kimoja cha chuma, magoti ya mama nyuma ya mgongo wa mkwe. Watu walikuwa wamekwisha kusikia, mtaa ulikuwa umejaa, kila mtu ana shauri. Mimi nikaona mashauri yataua mayai. Nikaenda kwangu, nikachukua kitenge cha mteja, kile cha kanisa chenye njiwa, nikakitundika kwa pini kati ya viti vya mbele na vya nyuma. Arsène, bila kuambiwa na mtu, akainua mkono akageuza kile kioo cha kutazamia nyuma, kikatazama dari.

Germaine akaingia nyuma na beseni lililofungwa blanketi. Mimi nikakaa mbele, kwa ajili ya mila, wasiwe peke yao. Joto likawashwa mpaka jasho likanitiririka kwenye miguu, na gari likaondoka kimya kimya huku watoto wa mtaa wanapiga makofi kama wanasindikiza harusi.

Barabara ya kwenda Panda mnaijua, na kama hamuijui, bahati yenu. Tulivuka shimo la kwanza salama. La pili Arsène hakuliona, maji yalikuwa yamelifunika. Gari likapiga chini.

"Arsène!" ikatoka sauti nyuma ya njiwa. "Polepole!"

Nikauma mdomo. Gari likapunguza mwendo, likawa linakwenda kama mtu aliyebeba maji kichwani. Jina lilikuwa limetoka, na jina likitoka halirudi. Arsène alishika usukani kwa mikono miwili, masikio yake yamesimama. Alinitazama mimi, mkalimani wake. Nikageuka, nikatazama nje ya dirisha. Nilikuwa nimechoka.

"Umesikia?" akauliza Germaine.

"Nimesikia, mama," akajibu Arsène.

Ndiyo maneno yao ya kwanza. Tukaenda hivyo hatua kidogo, kisha nyuma ya kitenge tukasikia kitu kidogo, mlio mwembamba kama baiskeli isiyotiwa mafuta.

"Arsène," akasema Germaine, na safari hii sauti yake ilikuwa imelainika kabisa, "kamoja kanalia."

Nilimwona yule mwanaume akifuta jicho kwa mgongo wa mkono na kujifanya ni jasho.

Huko Panda Arsène aliingiza mashine nyumbani kwake, akaiweka chumbani ambako soketi ni nzuri, akatoka. Germaine ndipo akaingia na mayai yake. Kwa kuwa mama mkwe na mkwe hawawezi kulala chini ya paa moja, Arsène alilala garini, uani kwake mwenyewe, yeye na gari wakila umeme pamoja. Orpa aliporudi kutoka Kakanda na mzigo wake wa vitenge alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Bwana yangu mu motokari, mama yangu mu kitanda yangu, kuku mu chumba. Sasa minye mutaniweka wapi, mu kabati?"

Karibu mayai yote yaliangua. Kifaa kutoka Lubumbashi nacho kikafika, baada ya vifaranga kujua kula wenyewe, na Germaine akarudi Kikula na maboksi manne ya karatasi yaliyojaa kelele.

Sasa, kwao, anayemwita mkwe jina kabla ya siku yake hulipa kuku. Germaine hakungoja kukumbushwa. Alikuja dukani kwangu akaomba uzi mwekundu, akaufunga mguuni mwa kifaranga kile cha kwanza, kile kilicholia njiani.

"Uende umuambie mukwe, hii njo ya kwake. Lakini yeye hana nyumba ya kuku, basi itakomalea kwangu."

Nilipomfikishia, Arsène akaniuliza: "Mama Shekina, kuku inakomala kwa muda gani?"

Alikuwa ameelewa: siku kuku yule atakapokomaa ndiyo siku atakayoingizwa. Mtaa wote ulielewa. Tangu siku ile Jumapili zake zikawa nyingine. Bado alikula garini, lakini alishusha vioo, na macho yake yalikuwa kwenye ua, yanamtafuta yule wa uzi mwekundu. Uzi nilikuwa naubadilisha mimi kila mguu uliponenepa. Likawa jogoo, jeusi, lenye kiburi, linatembea kama mtoza kodi. Watu waliopita walimwuliza Arsène: "Mukwe, sasa iko na kilo ngapi?" Naye alicheka tu.

Jumapili moja mwewe alishuka. Sikujua mtu mkubwa vile anaweza kuruka haraka vile. Arsène alitoka garini anapiga kelele, anapunga kiatu, akakimbia mpaka mlango wa ua, na hapo mguu wake mmoja ukabaki juu. Haukuvuka. Alisimama kwa mguu mmoja anapiga kelele kutoka nje, mpaka Germaine akatokea na ufagio na mwewe akaenda zake mikono mitupu. Germaine alilitazama jogoo, likiwa zima. Kisha akautazama ule mguu. Jioni ileile alinijia.

"Nimengojesha ule mutoto mingi," akasema. "Nilikuwa na kichwa nguvu. Inanisumbua roho."

Jumapili iliyofuata Arsène aliingizwa. Wazee wa pande mbili walikaa, Pasta Casimir akaomba, kwa ufupi, ashukuriwe Mungu. Germaine mwenyewe ndiye aliyemshika Arsène mkono mlangoni akamvusha kizingiti. Jogoo liliwekwa mbele yake zima, kichwa na miguu, firigisi juu, hakuna aliyeionja. Arsène alimega bukari. Alikula mbele ya mama mkwe wake, naye akala mbele yake. Merdi alikuwa anazunguka meza anapiga kelele: "Papa iko ndani! Papa iko ndani!" Watu walicheka, na Arsène akalia bila kujificha, mdomo umejaa.

Firigisi ilikuwa haijamalizika umeme ukakatika.

Chumba cha pili mashine ilikuwa na mayai mapya. Feni yake tuliisikia ikipunguza, ikanyamaza. Arsène hakungoja kunawa. Alinyanyuka, akatoka mbio, tukasikia mlango wa gari. Mimi, kwa mazoea, nilikwisha kusimama. Waya ukatokea dirishani kati ya nondo, na sauti yake nyuma yake: "Mama Shekina, pokea!"

Germaine akaniwekea mkono begani, nikakaa. Akaenda mwenyewe mpaka mlangoni, akaufungua wazi mpaka ukagonga ukuta.

"Arsène," akaita. "Acha dirisha, dirisha ni ya mwizi. Weye pita ku mulango."

Waya ukarudi nje. Kisha akaingia nao.